Mshonaji Mstaafu, Mwenye Binti Muuguzi

Jumapili ile Nesi alifika nyumbani kwa kaka yake akiwa na njaa na habari njema, na kama kawaida yake alianza na njaa. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria, akajipakulia, akarudi sebuleni na sahani mkononi na simu ameibana kwapani. Mtaa mzima ulimwita Nesi, hata watoto wa jirani waliomwamkia kwa mbali asije akataka kuwaangalia masikio. Alikuwa amerudi chuoni ukubwani kutafuta digrii, na kwa miezi mingi alihangaika kupata mada ya utafiti ambayo msimamizi wake hataitupa.

"Wifi," alimwambia mke wa kaka yake, "leo nakusamehe makosa yako yote."

"Nimekosa nini tena?"

"Hujakosa. Nakusamehe mapema, kwa akiba."

Mke wa kaka aliitwa Bi Funguo. Jina alipewa na mumewe, fundi wa majokofu, mtu asiyeweza kukaa na kitu bila kukitania. Bi Funguo alifanya kazi chuo kikuu, katika hifadhi ya data za utafiti, na sehemu kubwa ya alichokitunza kilikuwa kimefungwa: habari za wagonjwa, sauti za watu waliohojiwa mambo mazito, majibu yaliyotolewa kwa sharti kwamba hayatasambazwa ovyo. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuyafungua. "Mke wangu," fundi alipenda kuwaambia wageni, "analipwa kushika funguo za vyumba asivyoingia."

Shida ilikuwa kwamba vyumba hivyo havikuonekana hata kwa nje. Mkurugenzi mpya wa hifadhi alipofika, alikuta kwenye orodha ya mtandaoni majina kama "Mradi wa Afya, Awamu ya Pili", basi, bila neno jingine. Nani angejua kilichomo? Watafiti walikuwa wakienda upya kwa watu walewale, wakawauliza yaleyale, wakawachosha bure. "Kufunga ni sawa," mkurugenzi alisema kikaoni, "lakini sisi tumefunga mpaka na kibao cha mlangoni tukakificha." Akampa Bi Funguo kazi ya kuandika maelezo: ndani kuna nini, waliulizwa watu wa aina gani, na anayetaka aombe ruhusa vipi. Asifungue kitu; atumie mihtasari iliyoachwa na watafiti wenyewe. Bi Funguo aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, na aliifanya vizuri, jambo ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Nesi alifuta vidole, akainua simu. "Sikilizeni mada yangu. 'Mahojiano ya sauti na wazee wanaotumia dawa za virusi vya ukimwi na kuwaficha watoto wao. Miongoni mwa waliohojiwa: mwalimu mstaafu, mlinzi wa godauni, na mshonaji mstaafu wa mashuka ya hospitali, mjane, anayeishi kwa mwanawe wa kiume, ambaye hajamwambia hata binti yake muuguzi.' Wifi, hii umeandika wewe?"

"Mimi," alisema Bi Funguo, na hakuweza kuzuia tabasamu.

"Nimetafuta kitu kama hiki mpaka macho yameniuma, kumbe kipo kwa wifi yangu! Lakini huyo nesi naye ni nesi gani? Mama yako anameza dawa, mko pua na mdomo, na wewe hujui? Huyo vyeti alinunua."

"Angalia isije ikawa wewe," alisema fundi.

"Mimi? Mama akikohoa tu, najua amekula nini juzi."

Wakacheka wote. Mama yao alikuwa dirishani kwenye cherehani yake, anafumua pindo la suruali ya mwanawe ili aishushe. Naye alicheka. Kwa watoto wake mama huyu alikuwa na ugonjwa mmoja tu, miguu, na ugonjwa huo ulijulikana na kila mtu, ukaulizwa hali kila asubuhi kama mgeni aliyezoeleka.

"Hebu rudia hapo kwa mshonaji," alisema.

Nesi akarudia.

"Mashuka ya hospitali hayakushonwa na mtu mmoja," mama alisema taratibu. "Tulikuwa chumba kizima."

"Basi mtakuwa mnamfahamu, mama! Mwambieni, mficha maradhi kifo humuumbua." Nesi akarudi kwenye sahani yake, akaendelea kueleza jinsi atakavyoomba ruhusa ya kusikiliza sauti zenyewe, maana maandishi hayatoshi, mtu humjua kwa anavyovuta pumzi.

Bi Funguo peke yake aliitazama suruali. Pindo lilikuwa limekwisha kufumuka zamani. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umepita pindo, umepanda na mshono wa mguu, mshono mzima usio na kosa lolote, na ulikuwa unakaribia goti.

* * *

Nesi alipoondoka, mama mkwe alitoka kwenda nyuma ya nyumba kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Bi Funguo akamfuata. Wakasimama kila mmoja upande wake wa kamba, shuka katikati yao.

"Ile habari aliyosoma mwenzio," mama alisema kutoka upande wa pili, "umeiandika mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulinisikiliza."

Bi Funguo alikuwa ameshajua tangu kwenye suruali, lakini kujua ni kitu kimoja na kuambiwa ni kingine. Alishika kamba.

"Sikukusikiliza, mama. Haturuhusiwi. Nilichukua muhtasari tu. Haki ya Mungu, sikujua ni wewe."

"Mshonaji wa mashuka, mjane, anakaa kwa mwanawe, binti nesi. Umeniona kila siku tangu ulipoolewa. Ukaandika, ukasoma ulichoandika, ukaona ni mtu mwingine?"

Ukweli ni kwamba Bi Funguo alipoandika aliona maneno mazuri. Aliona jinsi kile kipande cha binti muuguzi kitakavyomvuta mtafiti, na akajipongeza. Mtu wa kazini alikuwa mtu wa kazini. Mama mkwe alikuwa mama mkwe, yuko nyumbani, anaumwa miguu.

"Yule dada aliyenihoji alikuja na kimashine chake," mama alisema. "Akaniambia maneno yangu yatafungiwa. Nikasema haya, kama kuna mlango, nitasema. Nikamwambia yote. Mengine hata mwenyewe sikuwahi kujiambia."

"Na yamefungwa, mama. Hakuna aliyeyasikia."

"Yamefungwa, na wewe umesimama mlangoni unatangaza aliyemo ndani."

Bi Funguo aliona aibu. Alisema ataifuta habari ile kesho asubuhi, jambo la kwanza.

"Na Nesi utamfuta?" Mama aliliondoa shuka kwenye kamba, sasa wakawa wanatazamana. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali, sasa anaambiwa kisima kimehama. "Ugonjwa nimeuzoea, mwanangu. Marehemu aliniachia watoto wawili, cherehani, na huo. Dawa naziweka kwenye kopo la vifungo, nameza, nashona, siku inapita. Kinachonichosha ni kusikiliza mlango. Nani anakuja, nani anatafuta kifungo. Nimechoka."

"Basi tumwambie, mama. Nesi ni mtu wa hospitali, ataelewa."

"Wagonjwa wa watu anawaelewa sana." Mama alikunja shuka bichi kwa ustadi uleule ambao angekunjia kavu. "Ugonjwa akiujua, potelea mbali. Lakini kuna neno nimelisema mle ndani, linamhusu yeye. Hilo asilisikie likitoka kwenye mashine."

"Neno gani, mama?"

"Si limefungwa?" mama alisema, akaingia ndani.

* * *

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa mwendo wa haraka, na chai yake ilipoa kila siku kwa kuwa hakukaa nayo. Alimsikiliza Bi Funguo amesimama, mbele ya wenzake wawili waliojifanya wanachapa.

"Tuyaondoe? Wiki iliyopita nimekusifu kwenye kikao kwa haya maelezo. Miaka mingapi data ile imelala hapa bila mtu kuiomba? Umeandika, tazama." Akageuza kompyuta. Daktari mmoja wa hospitali ya mbali alikuwa ameomba. Wagonjwa wake wazee walikuwa wakiacha dawa mmoja mmoja, na alihisi ni kwa sababu dirisha la dawa linatazama ukumbi ambapo watoto wa majirani zao wanasubiri. Kabla ya kujenga upya alitaka kuwasikia wazee wakieleza wenyewe wanajifichaje. "Huyu angetupataje bila wewe?"

"Maelezo yabaki. Niondoe ile sehemu ya watu. Inamwonyesha mtu."

"Inamwonyesha nani?"

"Nikisema nani, nitakuwa nimemwonyesha."

Wale wawili waliacha hata kujifanya. Mkurugenzi alimtazama Bi Funguo, kisha akavuta kiti akakaa, jambo lililowashangaza wote. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ripoti. Alisoma tena ile sentensi ya mshonaji, polepole, midomo ikicheza, na alipofika mwisho akashusha pumzi.

"Mimi ndiye niliyekuambia uandike watu wa aina gani," alisema. "Tukaandika mpaka wakawa si aina tena. Haya, toa kazi zao, toa ujane, toa watoto. Tutabakiza nini?"

"Wazee. Dawa. Wanaficha kwa nani, wanaacha kwa nini. Daktari yule alikuwa anatafuta jambo, hakuwa anatafuta mtu."

Wakaandika upya pamoja, na yakapungua utamu, na mkurugenzi akasema yamepoa kama chai yake, lakini akayapitisha. Bi Funguo angeweza kupumua hapo, kama mezani kwake kusingekuwa na ombi jingine lililoingia asubuhi ileile. Jina la mwombaji alilijua tangu siku ya harusi yake. Nesi alikuwa amejaza kila kitu kwa mwandiko wa kujivunia, na mahali pa kueleza anachohitaji alikuwa ameandika: sauti zote.

Bi Funguo alifanya jambo dogo, la kijinga, ambalo makarani wote wa dunia wamewahi kulifanya. Alitafuta kasoro. Barua ya msimamizi ilikosa muhuri, akairudisha.

Simu ikaja kabla hajafika nyumbani. "Wifi! Mimi wa kudaiwa muhuri na wewe? Mimi niliyekushikilia gauni siku ya harusi usiangukie keki?"

"Ndiyo utaratibu, wifi."

"Utaratibu! Haya, Bi Funguo. Nitakuletea muhuri mpaka ukome."

Akauleta. Aliugongesha mahali patatu, kwa dhihaka. Sasa hakukuwa na kasoro hata ya kusingizia, na Bi Funguo alijikuta amekaa na ombi la halali la mtu wa halali, lenye kila sababu ya kukubaliwa. Akilikataa, Nesi atauliza kwa nini, na Nesi akiuliza huwa haachi. Akilipitisha, atakuwa amemfungulia sauti ya mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Kutwa nzima hakula. Mwishowe alilipeleka kwa mkurugenzi, akasema mwombaji ni wifi yake, si haki alishughulikie yeye.

"Umefanya vizuri kusema," mkurugenzi alisema, akalivuta upande wake. "Wengine wangenyamaza. Liko sawa hili, mihuri hata imezidi. Nitalisaini mimi kesho."

* * *

Fundi alikuwa ameona kwamba wanawake wa nyumba yake wanaongea kidogo. Asubuhi alijaribu utani. "Mmegombania nini, mimi? Nipo wa kutosha." Hakuna aliyecheka, akachukua mkoba wake wa vifaa akaenda kwenye majokofu, ambayo yakiharibika angalau hunguruma.

Jioni Bi Funguo alipotoka kazini alimkuta mama mkwe kwenye cherehani. Alimwambia yote amesimama mlangoni, hajavua viatu: kwamba maelezo yamebadilishwa, kwamba ombi la Nesi linasainiwa kesho. Alimwambia na habari za yule daktari na dirisha lake la dawa.

"Dirisha la kwetu nalo linatazama watu," mama alisema. "Mimi huvaa miwani ya jua kama mwizi." Alikanyaga cherehani kidogo, akaacha. "Huyo daktari ananijua?"

"Hakujui, mama. Na majina hayamo."

"Mwache asikilize. Kama litamfaa mtu, lifae." Akalaza mikono juu ya kitambaa. "Sasa mpigie mwenzio aje."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mama anaumwa miguu."

Nesi alifika anahema, bado na sare ya kazini, mkoba wa kipimo cha presha begani. Alipiga magoti mbele ya mama yake hata salamu hajamaliza, akaanza kubonyeza vifundo.

"Miguu haina neno," mama alisema. "Kaa kitini. Ile ruhusa ya kusikiliza wale wazee, umeipata?"

"Kesho. Kwa nini, mama?"

"Yule mshonaji ni mimi."

Nesi alicheka, kwa sababu ndivyo alivyozoea kufanya mama yake anaposema jambo asilolitarajia. Kicheko kikaishia njiani. Alimtazama wifi yake, wifi akatazama sakafu. Akamtazama tena mama.

"Tangu lini?" Ilikuwa sauti ya kazini, ya haraka, ya kushika kalamu. "Unatumia zipi? Mara ya mwisho wamepima lini? Mama, na dawa za miguu unachanganyaje, unajua kwamba..."

"Kliniki yangu wanayajua yote hayo, na wananitunza vizuri. Ukitaka kuniuliza hayo, nenda ukakae dirishani kwako, nami nije nipange foleni."

Mkoba wa presha ulikuwa mapajani mwa Nesi na aliushika kwa mikono yote miwili. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imepungua, ilikuwa ya mtoto wa nyumba ile.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hilo ndilo nililomwambia yule dada," mama alisema. "Sikutaka ulisikie huko kwenye mashine, umevaa vidude masikioni, peke yako. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kazi. Ulikuja na sare mpya, ukakaa hapohapo ulipokaa, tukawa tunakula. Ukatuhadithia habari za bibi mmoja aliyekuja dirishani kwenu kuchukua dawa, umri wangu. Ukainuka ukamwigiza anavyotembea. Ukasema, 'Ajuza na mvi zake, naye alikuwa anazurura wapi?' Kaka yako akacheka mpaka akapaliwa."

"Mama..."

"Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko nyinyi wote. Chupa yangu ya kwanza nilikuwa nimeichukua asubuhi ile, iko mfukoni mwa gauni. Kila nikicheka, vidonge vinagonga. Nikawa nacheka kwa nguvu zaidi msivisikie."

Nesi alitafuta usoni mwa mama yake, halafu akatafuta kichwani mwake mwenyewe, na ilionekana wazi kwamba hakupata kitu. Hicho ndicho kilichomuumiza zaidi ya yote.

"Sikumbuki," alisema.

"Najua hukumbuki."

Nesi alilia hapo, bila kujificha uso. Bi Funguo aliona hapamhusu, akaanza kurudi nyuma kuelekea jikoni, lakini mama mkwe alimnyooshea mkono bila kugeuka.

"Na wewe kaa. Umelitunza muda wote huo, hulijui."

Akakaa ukingoni mwa kochi.

"Nitaliondoa lile ombi," Nesi alisema, akijifuta kwa mkono wa sare. "Leo hii. Nitatafuta mada nyingine. Mama, nisamehe."

"Liondoe. Lakini sikukuita uniombe msamaha." Mama alivua miwani yake ya kushonea, akaiweka juu ya cherehani. Bila miwani alionekana mzee kuliko alivyokuwa Jumapili. "Yule dada alikuwa mgeni kabisa. Aliniuliza hata kama usiku nalala, na nikilala naota nini. Aliuliza mpaka nikachoka kujibu. Wewe, ukiacha yale ya dirishani, umeniuliza moja."

Nesi aliuweka mkoba wa presha sakafuni. Akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akafungua mdomo, akaufunga, asijue aanze na lipi.